Habari za Mji wa Munich na Kompyuta Zake 14,000

Mwezi Machi mwaka 2003 mtu mmoja aliyekuwa mapumzikoni katika milima ya Uswisi, akiteleza juu ya theluji kama ilivyo ada ya matajiri wa huko, alikatiza starehe yake, akafunga safari hadi mji wa Munich, makao makuu ya jimbo la Bavaria katika Ujerumani, ili akaonane na meya. Mtu huyo alikuwa Steve Ballmer, mkurugenzi mkuu wa Microsoft, kampuni ambayo programu zake wakati ule zilikuwa zimeenea karibu katika kila kompyuta ya mezani duniani. Na meya alikuwa Christian Ude, mwanasheria wa chama cha SPD, aliyekuwa amekikalia kiti hicho tangu mwaka 1993. Si jambo la kila siku tajiri wa namna hiyo kumwendea mteja mlangoni kwake. Desturi ya dunia ni kinyume. Lakini Bwana Ballmer alikuwa amepata habari kwamba baraza la madiwani la mji ule linafikiri kuziondoa programu za kampuni yake katika kompyuta zote za mji, zipatazo 14,000, na kutia mahali pake programu huria, ambazo hazina muuzaji mmoja wala bawabu wa kukataza. Naye alijua kwamba hasara ya kumpoteza mteja mmoja ni ndogo kuliko hasara ya wateja wengine kuona kwamba jambo hilo lawezekana.

Kisa chenyewe kilianza kwa shauri dogo la kiofisi. Kompyuta za mji ule zilikuwa zikiendeshwa kwa Windows NT, toleo la 4, na Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba muda wa kulihudumia toleo hilo unakwisha, maana yake kasoro zitakazogunduliwa baadaye hazitatengenezwa tena, na atakaye salama hana budi kununua jipya. Makarani hawakuwa wamelalamika. Mashine zao ziliandika barua za kodi na vyeti vya ndoa kama zilivyoandika jana na juzi. Aliyeamua kwamba wakati wa kuhama umefika hakuwa mji, bali muuzaji. Na baadhi ya madiwani, walipolitazama jambo hili kwa nadhari, waliuliza swali ambalo serikali nyingi zilikuwa hazijathubutu kuliuliza, kwamba ikiwa leo twahamishwa kwa amri ya mwingine, nani atatuhakikishia kwamba hatutahamishwa tena baada ya miaka mitano, na tena baada ya mitano mingine, kila safari kwa gharama yetu?

Hapa sina budi kuyaacha kidogo mambo ya Munich, nirudi nyuma, kwa kuwa asiyejua jinsi programu ilivyopata kuwa mali ya kufungiwa hataona ajabu ya mji kutaka kujifungua. Zamani za kompyuta kubwa, zile zilizojaza chumba kizima, programu haikuhesabiwa kuwa bidhaa. Mnunuzi alinunua chuma, na maandiko ya kukiendesha chuma hicho yakaja pamoja nacho, kama vile mnunuzi wa cherehani apatavyo sindano zake. Na watu waliokuwa na mashine za IBM huko Marekani walianzisha mwaka 1955 jumuiya yao, wakaiita SHARE, wakapeana programu walizoziandika wenyewe kama majirani wapeanavyo moto wa jikoni, kwani aliyetoa hakupungukiwa na aliyepewa alipika. Mwezi Juni mwaka 1969 IBM ilitangaza kwamba toka hapo mashine itakuwa na bei yake, na programu nyingine nyingi zitakuwa na bei yake mbali. Na tangazo hilo, ambalo siku ile lilionekana ni la makarani wa hesabu tu, ndilo lililozaa soko zima la programu.

Miaka 7 baadaye, tarehe 3 Februari 1976, kijana wa miaka 20 aitwaye Bill Gates aliwaandikia waraka wa wazi wapenzi wa kompyuta ndogo, akawalaumu kwamba programu ya BASIC aliyoiandika yeye na wenziwe kwa ajili ya mashine ya Altair inatumiwa na wengi ilhali walioinunua hawafiki mmoja katika kila 10. Aliuliza ni nani awezaye kufanya kazi ya kifundi pasipo malipo. Mimi siwezi kusema kwamba hakuwa na haki hata chembe, maana mtu aliyekesha usiku akifanya kazi anastahili ijara yake. Walakini pamoja na biashara ya namna hiyo lilikuja jambo jingine lililopita kimya, nalo ni kwamba mnunuzi alipewa programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa tarakimu za mashine, na maandiko ya asili, yale ambayo mafundi huyaita msimbo chanzo, yakabaki kwa muuzaji. Ikawa kama dawa ya mganga: mgonjwa huinywa, lakini mizizi hajui ni ya mti gani, na siku ikimdhuru hana la kufanya ila kurudi kwa mganga yule yule. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa imewekwa kabatini.

Aliyelikataa jambo hili kwa moyo wake wote hakuwa mfanyabiashara wala mwanasiasa, bali mtaalamu mmoja wa maabara ya akili bandia katika chuo cha MIT, jina lake Richard Stallman, na ugomvi wake ulianza kwa printa. Printa ya zamani ya maabara ile ilikuwa na tabia ya kukwamisha karatasi, na Stallman, kwa kuwa alikuwa na maandiko ya programu yake, aliyarekebisha ili karatasi ikikwama, kila mwenye kazi ya kuchapwa aletewe habari kwenye kompyuta yake, aende akaikwamue. Kisha kampuni ya Xerox ikaipa maabara ile printa mpya ya leza, nzuri na yenye kasi. Lakini nayo ilikwamisha karatasi, na programu yake ilikuja imefungwa. Aliposikia kwamba mtaalamu mmoja wa chuo cha Carnegie Mellon anayo maandiko yake, alimwendea akamwomba, na mtaalamu akamjibu kwamba hawezi, kwa kuwa ameahidi kutompa mtu. Stallman alitoka bila kusema neno. Wengine wangemwona huyu kuwa mtu wa kukuza mambo, kumkasirikia mwenzake kwa ajili ya karatasi iliyokwama. Lakini yeye alifahamu kwamba mwenzake hakumnyima yeye peke yake, bali alikuwa amekwisha kuahidi kuwanyima watu wote ambao hajawahi hata kuwaona.

Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta, akauita GNU, na mwezi Januari uliofuata akaacha kazi ili chuo kisipate kudai milki ya kazi yake. Alitaka kila mwenye programu awe na ruhusa ya kuitumia kwa kazi yoyote, kuyasoma maandiko yake, kuibadili, na kuwapa wengine, ama kama alivyoipata ama kama alivyoibadili. Kiingereza kilimtia katika dhiki, maana katika lugha hiyo neno la kitu kisicholipiwa na neno la kitu kisichofungwa ni moja, naye amekuwa akiwaeleza watu kwa miaka mingi kwamba anasema habari za uhuru, hasemi habari za bei. Sisi Waswahili Mola ametuepushia taabu hiyo: tuna bure na tuna huru, na hapana mtoto wa pwani asiyejua kwamba mtumwa aliyekula chakula cha bure hakuwa huru. Lakini tusijisifu mno, kwani hiyo bure yetu nayo ina ila yake, maana twaitumia pia kwa kazi isiyo na faida, kama tusemavyo kwamba fulani amejisumbua bure. Na wauzaji wa programu, hapa kwetu kama kwingine, hawajachoka kutukumbusha maana hiyo ya pili.

Leseni aliyoitoa mwaka 1989, iitwayo GPL, ni kazi ya werevu wa sheria kuliko wa kompyuta. Hakuitupa hakimiliki, bali aliishika kwa mikono miwili na kuigeuza: programu ni milki ya mwandishi, na kwa nguvu ya milki hiyo mwandishi anamruhusu kila mtu aitumie na kuibadili, kwa sharti kwamba atakayeigawa, yenyewe au iliyobadilishwa, aigawe kwa ruhusa zile zile pamoja na maandiko yake. Mtu wa pwani atafahamu upesi nikisema kwamba ni mfano wa wakfu. Kisima kikiwekwa wakfu, kila mpitaji hunywa, na mwenye nguvu hukichimba zaidi, lakini hapana awezaye kukizungushia ua na kusema changu. Mfano haukamiliki, kwa kuwa wakfu una msimamizi na GPL haina. Ila muradi ni ule ule.

Ya Linux nitayapita haraka, kwa kuwa yanajulikana. Mwezi Agosti mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, alitangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta kwa ajili ya kujifurahisha. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni ya GPL, na kiini hicho kikaingia katika nafasi ambayo GNU ilikuwa bado haijaijaza. Yasiyojulikana sana ni ya programu za ofisi, nazo ndizo zinazotuhusu zaidi, maana karani haoni kiini cha mfumo, huona ukurasa wa barua. Katikati ya miaka ya 1980 kijana wa Kijerumani aitwaye Marco Börries, akiwa na miaka 16, alianzisha katika mji wa Lüneburg kampuni ya StarDivision, iliyotengeneza programu ya kuandikia, na hatimaye seti kamili iliyoitwa StarOffice. Mwaka 1999 kampuni ya Sun ya California ikainunua, na husimuliwa na watu wa Sun yenyewe kwamba sababu mojawapo ilikuwa hesabu nyepesi, kwamba kuinunua kampuni nzima kulikuwa rahisi kuliko kulipia leseni za Microsoft Office za wafanyakazi wake makumi ya maelfu. Mwaka 2000 Sun iliyafungua maandiko yake kwa watu wote, na programu ikaitwa OpenOffice.

Basi sasa turudi Munich, ambako mezani mwa madiwani palikuwa na mafungu mawili: upande mmoja Windows na Office, upande wa pili Linux na OpenOffice, zilizoletwa na kampuni ya SUSE, ambayo ni ya Bavaria hiyo hiyo, pamoja na IBM, yaani kampuni ile ile iliyokuwa imetangulia kuitenga programu na mashine mwaka 1969, na ambayo sasa, kwa kuona faida yake iko kwingine, ilikuwa imegeuka kuwa rafiki wa walio huria. Baada ya ziara ya Bwana Ballmer bei ya Microsoft ilishuka, ikashuka tena; kwa hesabu zilizochapishwa na magazeti ya wakati ule ilitoka dola milioni 36.6 ikafika milioni 23.7, ilhali zabuni ya Linux ilisimama kwenye milioni 35.7. Tarehe 28 Mei 2003 baraza likapiga kura, likachagua iliyo ghali. Wale waliozoea kusema kwamba programu huria ni kimbilio la wasio na fedha walipata shida kulieleza jambo hili, na wengine mpaka leo hawajalieleza. Hoja ya madiwani ilikuwa kwamba bei ya muuzaji mmoja ni bei ya leo tu, na kwamba aliyeweza kupunguza zaidi ya theluthi kwa majuma machache ameonyesha kwa kitendo chake jinsi bei ile ilivyokuwa haina mizizi, na jinsi itakavyoweza kupanda pale mteja atakapokuwa hana mahali pengine pa kwenda.

Ude mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku moja alipanda gari pamoja na Bill Gates wakielekea uwanja wa ndege, na Gates akamwuliza kwa nini anafanya haya. Meya akamjibu kwamba anatafuta uhuru. Gates akauliza uhuru kutoka kwa nani. Na meya akamwambia kutoka kwako. Ni masimulizi ya upande mmoja, na wanasiasa hupenda kukumbuka majibu yao mazuri, lakini nimeyaandika kwa sababu ni mara chache mteja na muuzaji kukaa kiti kimoja na kusema hivyo pasipo washauri wao.

Uamuzi ni jambo moja na safari ni jingine. Mwaka 2004, mipango ikiwa imekwisha kuandikwa na kazi kupewa jina la LiMux, kwa kuunganisha Linux na jina la mji kwa Kijerumani, mji ulisimamisha zabuni ghafula, kwa kuwa Umoja wa Ulaya ulikuwa ukijadili sheria ambayo ingeruhusu hataza juu ya mawazo ya programu, na diwani mmoja wa chama cha Kijani alikuwa ameonya kwamba mwenye hataza yoyote angeweza kuibuka na kuudai mji fidia. Wanasheria wakatoa rai yao, kazi ikaendelea. Na sheria yenyewe ilikufa mwezi Julai mwaka 2005, Bunge la Ulaya lilipoikataa kwa kura 648 dhidi ya 14, hesabu ambayo ni nadra kuonekana katika bunge lile lenye watu wasiokubaliana hata juu ya hali ya hewa.

Nao mwaka huo huo wa 2004, mbali na baridi ya Bavaria, jambo jingine lilikuwa likitendeka juu ya programu ile ile. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, idara ya sayansi ya kompyuta, wakishirikiana na wenzao kutoka Uswidi katika mradi walioupa jina la Kilinux, walikuwa wamekaa na maneno ya OpenOffice wakiyatia katika Kiswahili, na mwisho wa mwaka wakatoa Jambo OpenOffice. Mwaka ule ule Microsoft nayo ilitangaza kwamba itazitia programu zake katika Kiswahili, na yafaa kusema kwa haki kwamba ilitimiza. Lakini angalia tofauti ya njia. Kampuni ilipima soko, ikaona wasemaji wanatosha, ikaamua. Na lau ingeona hawatoshi, ingeamua vingine, na hapangekuwa na mahali pa kukata rufani. Watu wa Dar es Salaam hawakumwandikia mtu wa California wala wa Seattle kumwomba ruhusa, wala hawakungoja kuhesabiwa. Walifungua maandiko, wakaanza. Kazi ilikuwa ya taabu kuliko inavyodhaniwa, maana menyu ya programu haina nafasi ya maelezo, inataka neno moja, na neno hilo liwe lile lile kila mahali. Tena wakati ule sisi wenyewe tulikuwa hata hatujaafikiana kama mashine iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Hata hivyo lugha haikuwa maskini. Maneno kama nakili, hariri na hifadhi, yaliyokuwa yamekaa karne nyingi katika kazi za makarani, washairi na wanazuoni wa pwani, yalikuwapo yakingoja tu kazi mpya, na kila ayaonaye leo juu ya skrini hudhani yalizaliwa humo.

Munich ilianza kuhamisha kompyuta zake mwaka 2006, na hapo ndipo ilipogundua kwamba adui hakuwa Microsoft bali ni miaka. Kila idara ya mji ilikuwa na mafundi wake, desturi zake na barua zake. Na ndani ya barua hizo mlikuwa na violezo na fomu kwa maelfu, na ndani ya fomu mlikuwa na amri ndogo ndogo ziitwazo makro, nyingi zikiwa zimeandikwa na karani mwerevu aliyekwisha kustaafu, hazijulikani zafanya nini ila zisipofanya mishahara haitoki. Yote hayo yalikuwa yamejengwa juu ya Office kama nyumba juu ya uwanja wa mtu mwingine. Mafundi wa mji walilazimika kwanza kuorodhesha, kisha kufuta vilivyorudiwa, kisha kuandika upya. Wakatunga programu yao wenyewe ya kusimamia violezo na vichwa vya barua, wakaiita WollMux, na mwaka 2008, kwa kutii kanuni waliyoifuata, wakaitoa kwa watu wote chini ya leseni huria ya Umoja wa Ulaya. Huenda jambo hili ndilo lililo zuri kuliko yote katika kisa hiki, na ndilo lililozungumzwa kidogo kuliko yote: manispaa, iliyoanza ikiwa mnunuzi tu, ilikuwa imekuwa mtoaji.

Kazi ilichukua miaka mingi kuliko ilivyotarajiwa. Katikati ya safari OpenOffice yenyewe ilipata msukosuko, maana mwaka 2010 Sun ilinunuliwa na kampuni ya Oracle, na waandishi wake wengi, kwa kutomwamini bwana mpya, walichukua maandiko wakaondoka nayo, wakaanzisha LibreOffice. Na Munich ikawafuata, kwa kuwa leseni ilimruhusu mtumiaji kumfuata fundi badala ya kumfuata mwenye jina. Mwisho wa mwaka 2013 mji ulitangaza kwamba LiMux imekamilika, kompyuta karibu 15,000 zikiwa zimehamishwa, na chache zikabaki na Windows kwa ajili ya programu maalumu ambazo hazikuwa na mbadala.

Juu ya fedha zikatoka hesabu mbili. Mwaka 2012 mji ulisema umeokoa zaidi ya euro milioni 11. Mwaka uliofuata uchunguzi wa kampuni ya HP, uliolipiwa na Microsoft, ulidai kwamba mji umepata hasara ya zaidi ya milioni 43. Mji ukajibu kwamba wachunguzi wameilinganisha LiMux na Windows XP na Office ya mwaka 2003, yaani vitu ambavyo muuzaji mwenyewe alikuwa akijitayarisha kuacha kuvihudumia, ili ionekane kana kwamba anayebaki na Microsoft hahitaji kununua kitu tena maishani. Msomaji ataamua, mimi naona tu kwamba hesabu iliyolipiwa na mmoja wa wenye shauri ni kama ushahidi wa ndugu wa mdai, husikilizwa, kisha hutafutwa mwingine.

Mwaka 2014 Ude alistaafu, na mahali pake akaingia Dieter Reiter, wa chama kile kile lakini si wa moyo ule ule. Malalamiko ya makarani, ambayo hayakukosekana hata siku moja, yakaanza kupata masikio: barua pepe haziingii vizuri katika simu, hati zilizotoka nje ya mji zafunguka zimepinda, masasisho yachelewa. Mengine yalikuwa kweli tupu. Washauri wa kampuni ya Accenture walioitwa kuchunguza walieleza kwamba sehemu kubwa ya taabu yatokana na mpango mbaya wa kazi, idara nyingi zikivutana kila moja na mafundi wake, wala si na mfumo uliomo ndani ya mashine. Lakini walifungua pia mlango wa kurudi, na wenye kuutaka mlango huo hawakusoma kurasa zilizotangulia kwa makini sana. Wakati huo huo Microsoft ilikuwa imehamisha makao yake makuu ya Ujerumani kutoka kitongoji cha Unterschleißheim hadi ndani ya mji wa Munich, yakafunguliwa mwaka 2016, na watu wakanong'ona. Meya alikana kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano, nami sina ithibati ya kumkanusha. Mji wowote hupenda kodi ya kampuni kubwa.

Mwezi Februari mwaka 2017 baraza lilipiga kura ya kutayarisha marejeo, na mwezi Novemba likaidhinisha takriban euro milioni 50 za kuhamia Windows 10 hadi ufikapo mwaka 2020. Nimesoma hukumu nyingi juu ya siku hiyo, za kushangilia na za kuomboleza, na nyingi zasahau kwamba baraza lililochagua na baraza lililotengua yote mawili yalikuwa yakitumia hiari ile ile. Mji haukufungwa na Linux. Uliiacha bila kumlipa mtu fidia na bila kumwomba mtu funguo, na hati zake, zilizohifadhiwa katika muundo wa wazi uliotambuliwa na shirika la viwango la ISO mwaka 2006, ulizichukua mkononi. Ni kurudi kulikokuwa na kazi kama kuja, lakini hapakuwa na mlinzi mlangoni. Kisha mwezi Mei mwaka 2020, Kijani na SPD walipofanya mapatano ya kutawala mji pamoja, waliandika tena kwamba programu za mji ziwe huria kila iwezekanapo, na kwamba kile kilichoandikwa kwa fedha ya umma kiwe cha umma. Hata hivyo kompyuta za makarani zilibaki na Windows.

Wakati magazeti yakifuata kelele za Munich, askari wa Gendarmerie wa Ufaransa walikuwa wamefanya jambo lile lile kimya kimya. Hawakuanza kwa kiini bali kwa ngozi: mwaka 2005 waliwapa makarani wao OpenOffice juu ya Windows ile ile waliyoizoea, mwaka uliofuata wakawapa Firefox ya kuvinjari mtandao na Thunderbird ya barua pepe, na ilipofika mwaka 2008, mtu aliyekuwa amekwisha kuzoea programu zote za kila siku aliletewa Linux chini yake, akaona kilichobadilika ni picha ya ukutani. Kompyuta zao zilipita 70,000, nao hawakuhitaji kuitwa mashujaa na mtu.

Na mwezi Aprili mwaka 2024 serikali ya jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini kabisa ya Ujerumani, ilitangaza kwamba kompyuta zake 30,000 zitaacha programu za Microsoft, ikifuata mwendo wa Wafaransa kuliko wa Munich, maana kitu cha kwanza kilichotiwa katika mashine za makarani hakikuwa Linux bali LibreOffice. Mji wa Lüneburg, ambako kijana wa miaka 16 alianza kuyaandika maandiko ambayo yaliuzwa California, yakafunguliwa, yakasemeshwa Kiswahili Dar es Salaam, yakapokewa Munich na kuachwa, hauko mbali na jimbo hilo. Mtu anayetoka huko kwenda kaskazini huvuka mto Elbe tu, akaendelea na safari yake.